Tumbusi wa Muindi Mbingu na kuta ambazo Nairobi haikuziwekea kumbukumbu

Sheria za Michuki za usalama wa matatu zimepita umri wa miaka 20 tangu zianze kutumika Februari 1, 2004, na bado zikitajwa hadharani huzua zogo. Zilipofufuliwa kwa kishindo Novemba 2018, matatu nyingi zilitoweka barabarani na wakazi wa Nairobi wakapiga mguu kwenda kazini. Habari za siku zile zilikuwa mikanda ya usalama, leseni na mstari wa manjano. Ubavu wa gari lenyewe haukuzungumziwa sana, ule uliochorwa nyuso za wanamuziki, wanasoka na wahubiri. Kwa vijana wengi wa mjini hilo ndilo jumba la sanaa la kwanza waliloingia, na kiingilio chake kilikuwa nauli.

Naanza na matatu kwa sababu anayetaka kujua grafiti ya Nairobi ilikotoka hana budi kuanzia kwenye magurudumu. Ukuta ulikuja baadaye. Lakini kote kuwili mambo ni yale yale: mchoro haudumu, na anayeuokoa ni mpita njia aliyebahatika kuwa na kamera. Mji huu una makumbusho ya reli, una bustani ya nyoka, una chumba cha mafuvu ya binadamu wa kale. Michoro ya mitaani yake imeachiwa simu za watu.

Kabla ya makopo ya kupuliza kulikuwa na brashi. Mafundi wa vibao waliopaka kuta za vinyozi vichwa vilivyonyolewa panki, na kuta za hoteli sahani ya chapati na maharagwe inayofuka moshi, ndio walimu wa kwanza wa fani hii, ingawa hakuna aliyewaita wasanii. Kibera, vijana wawili wa kazi hiyo, Otieno Gomba na Otieno Kota, walizunguka kutafuta vibao vya kuandika wakiwa wamejifunga mashuka ya Kimaasai, japo majina yao yanakwambia wazi hawakutoka Kajiado wala Narok kwa Wamaasai. Watu wakawaita Maasai Mbili. Mwaka 2001 jina hilo likawa la kundi lao la sanaa.

Matatu nazo zilihalalishwa mwaka 1973, Mzee Jomo Kenyatta aliporuhusu zibebe abiria bila leseni maalum ya uchukuzi. Miaka ya 1990 hip-hop ya Marekani ilipoingia Eastlands, magari ya Buru Buru na Eastleigh yakageuka manyanga: muziki wa kutikisa vioo, taa za rangi, na picha zilizopulizwa kwa kompresa katika gereji za jua kali. Kisha akaja Waziri John Michuki na sheria zake za 2004. Ajali zilipungua kwa muda, hilo tumpe haki yake. Ila mstari wake wa manjano ulipita juu ya kazi ya mikono ya mafundi wengi, na sijasikia kwamba kuna ofisi iliyopiga picha hata gari moja kabla halijafutwa. Vijana wakahamia ukutani. Tamasha za WAPI, zilizoanzishwa na British Council katikati ya miaka ya 2000, ziliwapa mahali pa kupuliza bila kukimbizwa, na majina kama Bankslave, Swift9, Uhuru B na Smokillah yakaanza kujulikana.

Halafu uchaguzi wa Desemba 2007 ukaharibika. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata. Kibera, soko la Toi lilichomwa na reli iendayo Uganda ikang'olewa. Katikati ya moto huo, msanii wa Maasai Mbili, Solomon Muyundo, anayejiita Solo7, alizunguka na rangi akiandika maneno ya amani kwenye kuta, kwenye malango, hata juu ya barabara. Maandishi yake maarufu zaidi yalitangaza kwamba Amani inasakwa, tena ikiwa hai, kwa mtindo wa matangazo ya polisi wanapomtafuta mhalifu. Hayakuwa na urembo wowote. Ni herufi kubwa za mkono wenye haraka. Tunayajua kwa sababu wapiga picha wa magazeti waliokuja kupiga picha za vifo na moshi waliyakuta nyuma ya vifo na moshi.

Mwaka 2009 alikuja Mfaransa aitwaye JR, naye akafanya kitu ambacho Kibera haikuwahi kukiona. Alichapisha picha za wanawake wa mtaa huo kwenye turubai lisilopitisha maji, akafunika nazo mapaa ya mabati, takriban mita 2,000 za mraba. Yakawa sanaa na yakazuia mvua. Macho ya wanawake wengine aliyabandika ubavuni mwa mabehewa ya treni, na nusu ya chini ya nyuso zao akaitandaza kwenye mteremko ulio chini ya reli, hivyo treni ilipopita uso ulikamilika kwa sekunde chache kisha ukaachana. Mwenye kamera alipaswa kuwahi. Dunia ilimsifu JR, na alistahili. Ila nikumbushe kwamba Solo7 alikuwa amepita njia hiyo hiyo mwaka mmoja kabla, na dunia haikumsifu hivyo.

Sasa tufike barabara ya Muindi Mbingu.

Mengi yanayojulikana kuhusu kisa cha tumbusi aliyechorwa huko yametoka kinywani mwa Boniface Mwangi na watu waliokuwa naye, kwa hiyo ni kisa kinachosimuliwa kutoka upande wao wa ukuta. Mwangi alikuwa mpigapicha wa gazeti la The Standard wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Alipiga picha za mapanga, maiti na nyumba zikiungua, akashinda tuzo ya CNN ya wanahabari wapigapicha wa Afrika, kisha akachoka kuona waliochochea wakigawana vyeo. Juni 1, 2009, Siku ya Madaraka, alisimama uwanjani Nyayo na kumpigia kelele Rais Kibaki, akabebwa na polisi. Mwaka huo huo alianzisha Picha Mtaani: badala ya kutundika picha zake kwenye jumba lenye mvinyo na wageni wa heshima, alizisimamisha barabarani, mji baada ya mji, ili waliopigana wasimame mbele ya picha hizo. Mwaka 2011 akafungua PAWA254, nyumba ya wasanii na wanaharakati.

Mwanzoni mwa 2012, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, aliona picha hazitoshi. Akawaita Swift9, Uhuru B, Smokillah na Bankslave. Kazi ilifanywa usiku, kwenye ukuta wa vyoo vya umma katika barabara ya Muindi Mbingu, hatua chache kutoka City Market. Palikuwa mahali penye akili kuliko panavyosikika. Kila mtu hupita pale: karani, mchuuzi wa maua, mtalii anayetafuta vinyago, mbunge aliyekwama kwenye msongamano. Na barabara yenyewe inabeba jina la Muindi Mbingu, Mkamba aliyewaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi mwaka 1938 kumkabili gavana baada ya serikali ya kikoloni kuwanyang'anya ng'ombe. Mkoloni alimhamishia Lamu.

Kulipopambazuka watu walisimama. Ukutani kulikuwa na tumbusi aliyevaa suti, ameketi kitini kama bosi, mkoba wa fedha mkononi, mguu wake umekanyaga kichwa cha mwananchi, na mdomo wake wa ndege, sijui waliwezaje, ulikuwa unacheka. Kando yake ilishuka orodha ndefu ya maovu tangu uhuru: mauaji ya kisiasa, kashfa za fedha, unyakuzi wa ardhi, ghasia za uchaguzi. Maneno waliyomtia kinywani yalikuwa ya kujigamba kwamba hata akiiba na kuua, wajinga watampigia kura tena. Tusi hilo halikumlenga mwanasiasa peke yake. Lilimwangukia aliyekuwa anasoma.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Waliofurahi walisema hatimaye mtu ameandika wanachonong'ona. Waliokasirika waligawanyika: kuna walioona viongozi wamevunjiwa heshima, na kuna waliokataa kuitwa wajinga na vijana wenye makopo ya rangi. Baraza la jiji lilikuwa na hoja yake ya kawaida, kwamba ukuta si wako. Tumbusi wengine walichorwa sehemu nyingine za katikati ya mji na baadhi yao wakafutwa. Yaani mji uliojaa matangazo ya waganga wa mapenzi kwenye kila nguzo ya umeme, ambayo hakuna askari wa baraza la jiji aliyewahi kuyabandua, ulipata ghafla rangi nyeupe na vibarua wa kuipaka.

Ilikuwa kazi bure. Picha za ukuta zilikuwa zimeshatoka kwenye simu, zimeingia mitandaoni na kwenye vyombo vya habari vya ng'ambo kabla rangi nyeupe haijakauka. Hapo faida ya kuongozwa na mpigapicha ilionekana: Mwangi alijua tangu mwanzo kwamba ukuta ni wa siku chache, na kwamba unachorwa ili upigwe picha. Juni mwaka huo alifuatisha kwa majeneza meusi 49, moja kwa kila mwaka wa uhuru, yaliyobebwa hadi Bunge. Uchaguzi wa Machi 2013 ulipita. Wiki chache baadaye wabunge wapya, waliopangiwa mshahara wa takriban Sh532,000 kwa mwezi, walidai warudishiwe Sh851,000 za wenzao waliotangulia, na Mei waandamanaji wakamwaga damu na nguruwe kwenye lango la Bunge. Aliyechora tumbusi hakuhitaji kuongeza maelezo.

Kwa maoni yangu, sifa nyingi zimemwendea Mwangi na chache mno waliopuliza rangi. Muulize mtu barabarani nani alichora tumbusi, atakutajia Mwangi, ambaye hakuwa mchoraji. Swift9 na wenzake wameachwa kwenye mabano ya historia, na nakiri kwamba makala haya nayo yamewapa mistari michache kuliko wanavyostahili.

Yaliyofuata nitayapitia mbio. Mwaka 2013 treni ya abiria inayopita Kibera ilichorwa jumbe za amani na wasanii wa Nairobi, baadhi yao wale wale wa tumbusi, pamoja na Mmarekani Joel Bergner na vijana wa kundi la Kibera Hamlets. Safari hii kampuni ya reli ilitoa kibali. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta alisema matatu zenye michoro ziachwe, na nganya hizo zikarudi kwa kasi. Mchoraji wa ukutani Wisetwo aliendelea na nyuso zake zinazofanana na vinyago. Mwaka 2020 vijana wa Mathare walichora kuta za kuwafundisha jirani zao juu ya corona, na Kibera ukazuka uso wa George Floyd wenye neno HAKI, kazi ya msanii anayejiita Mr Detail.Seven.

Anayetaka kuona kazi hizi kwa macho yake aende Makumbusho ya Reli, ambako kundi la BSQ limechora mabehewa makuukuu. Aende asubuhi. Katikati ya mji, siku ni Jumapili kabla ya ibada ya kwanza kwisha. Siku nyingine magari yaliyoegeshwa hufunika theluthi ya chini ya kila mchoro, na theluthi hiyo ndiyo yenye sahihi. Bawabu atakuuliza nani kakuruhusu kupiga picha ukuta wa mwajiri wake. Jibu kwa upole, mweleze ni mchoro unaoutaka na wala si lango, na usielekeze kamera kituo cha polisi.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo wapiga picha wanalipenda na wachoraji wanalichukia. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inakuruhusu kunakili kazi ya sanaa iliyowekwa mahali ambapo umma unaiona. Kwa hiyo picha ya ukuta inaweza kuuzwa kwenye kalenda, kadi na kurasa za magazeti, na aliyepuliza rangi asipate hata nauli. Ndiyo sababu mafundi wengi wa matatu, na siku hizi wachoraji wa ukutani pia, huandika namba ya simu pembeni ya kazi. Wapigapicha huikata ili picha ipendeze. Iacheni hiyo namba.