Kupona si Kuisha kwa Vimelea: Hoja kutoka Butembo na Beni

Tarehe 25 Juni 2020 serikali ya Kongo ilitangaza kumalizika kwa mlipuko wa Ebola uliowapata watu 3,470, wengi wao wakazi wa Kivu Kaskazini, na kuua 2,287. Haikutimia hata miezi minane ugonjwa ukazuka tena mjini Butembo, mkoani humohumo, Februari 2021. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa mke wa mtu aliyewahi kupona. Uchunguzi wa jenomu ulionyesha kwamba virusi vilikuwa vya ukoo uleule. Havikutoka upya msituni. Beni nayo ikapatwa hivyo Oktoba 2021, kisha Agosti 2022.

Mlipuko hutangazwa kuisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo ugonjwa waweza kukaa mwilini kabla ya dalili. Hesabu hiyo ni sahihi kwa kazi yake: inapima maambukizi ya mtu kwa mtu. Haipimi kilichobaki ndani ya seli za waliopona. Ndiyo sababu nadai kwamba ufuatiliaji wa aliyepona ni sehemu ya tiba yake.

Ushahidi mkongwe wa hoja hii tunao katika kifua kikuu, ambacho hospitali za Kivu hupambana nacho kila siku. Bakteria wake, aliyetambuliwa na Robert Koch mwaka 1882, akivutwa hadi mapafuni humezwa na makrofaji, seli ya kinga ambayo kazi yake hasa ni kumeza na kuangamiza. Kwa kawaida kilichomezwa hufungiwa katika kifuko, asidi ya kifuko hupanda, kisha kifuko huungana na lisosomu zenye vimeng'enya vya kukisaga kilichomo. Bakteria wa kifua kikuu hukata mfuatano huo katikati. Mafuta ya ukuta wake na protini anazozitoa huzuia kifuko kukomaa. Mfumo wake mwingine wa protini, ESX-1, humwezesha kutoboa utando wa kifuko. Ndani ya seli hiyo hujigawa takriban mara moja kwa siku, polepole mno kwa bakteria. Upolepole huo humlinda, kwa kuwa dawa nyingi huua bakteria wanaokua na kumwacha aliyetulia. Kinga isipoweza kumuua humzingira katika vinundu, naye hukaa humo hata miaka mingi, akingoja VVU au utapiamlo uidhoofishe. Hivyo mgonjwa kwa kawaida hupewa dawa miezi sita, ingawa kikohozi huweza kukoma mapema zaidi. Hakuna anayeiona miezi hiyo kuwa dhana mbaya juu ya mgonjwa.

Ebola ni virusi, na mbinu yake ni tofauti, ingawa makrofaji ni miongoni mwa seli inazoziingia kwanza. Vimeng'enya vya kifuko, ambavyo bakteria yule huvikwepa, virusi hivi huvihitaji: vimeng'enya huchonga protini ya juu ya virusi hadi iweze kushika protini ya seli iitwayo NPC1, na hapo virusi hutoka kifukoni na kuzaliana. Mgonjwa akipona, damu yake husafika. Lakini korodani, macho na ubongo ni sehemu ambazo mwili huibana kinga isije ikaziharibu, na virusi huweza kusalia humo.

Tiba nayo haifiki huko kwa urahisi. Kingamwili ya mAb114 dhidi ya Ebola, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona ugonjwa huo Kikwit mwaka 1995, ilijaribiwa Beni na kwingineko kuanzia Novemba 2018, na Agosti 2019 ikathibitika kuokoa maisha. Ni fahari ya sayansi ya Kongo. Hata hivyo kingamwili ni molekuli kubwa, isiyopenya kwa urahisi katika korodani, macho na ubongo. Kijana mmoja aliyekuwa amechanjwa, akaugua na kutibiwa kwa kingamwili hiyo mwaka 2019, alipona, akaugua tena miezi michache baadaye. Mnyororo ulioanzia kwake ulifikia wagonjwa 91.

Wapo wanaosema kuwafuatilia waliopona ni kuwatia alama mbele ya majirani. Pingamizi hili ni zito, hasa Butembo na Katwa, ambako vituo vya matibabu vilishambuliwa mwaka 2019 na imani ya watu kupungua. Lakini linahusu namna ya kufuatilia. Magari yenye nembo yakisimama mlangoni, mtu huaibika. Akipimwa macho na shahawa katika kituo chake cha afya cha kawaida, kwa siri, na kupewa kondomu hadi vipimo viwili vionyeshe hana virusi, huyo ni mgonjwa anayemalizia tiba. Wizara ya Afya na wafadhili waweke huduma hiyo katika bajeti ya kudumu ya maeneo ya afya ya Beni, Mabalako, Katwa na Butembo, isitegemee fedha za dharura zinazoondoka na tangazo la mwisho wa mlipuko.