Kiingereza kilivyojipenyeza katikati ya mistari ya Kilatini

Wapo wasomi wetu wanaodhani Kiingereza kilizaliwa kikiwa tayari kimevaa joho. Wangefaidika kutembea kwa miguu kando ya Mto Wear, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Njia hiyo, Weardale Way, hushuka kutoka milimani na kuufuata mto kwa zaidi ya kilomita 110 hadi baharini mjini Sunderland, ikiunganisha makanisa ya kale.

Kanisa la Escomb lilijengwa karne ya 7 kwa mawe ya ngome ya Warumi iliyokuwa Binchester. Ukutani mna jiwe lililochongwa LEG VI, yaani Lejioni ya 6 ya jeshi la Roma. Limegeuzwa juu chini! Sijui kama mwashi hakujua kusoma au hakujali tu.

Ukishuka zaidi unafika Durham, kwenye kanisa kuu lililoanza kujengwa 1093. Humo amezikwa Bede, mtawa aliyeanza masomo akiwa na miaka 7 katika monasteri ya Monkwearmouth, kwenye mlango wa mto huohuo. Karibu vitabu vyake vyote aliviandika kwa Kilatini, maana hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya elimu. Hata hivyo, barua ya mwanafunzi wake yasimulia kwamba mwaka 735, akiwa mahututi, alikuwa akiitafsiri Injili ya Yohana kwa Kiingereza. Tafsiri hiyo imepotea.

Iliyosalia ni ya Chester-le-Street, mji ulio kati ya Durham na bahari. Watawa wa Lindisfarne waliowakimbia Waviking walitua hapo mwaka 883. Walikuwa na kitabu cha Injili kilichoandikwa kwa Kilatini na kupambwa kwa ustadi wa ajabu. Mnamo 970 hivi, kasisi Aldred alichukua kalamu na kuandika, kwa herufi ndogo juu ya kila neno la Kilatini, neno la Kiingereza cha kwao. Ni tafsiri sisisi, ya neno kwa neno. Mwalimu wa leo angeitia wino mwekundu. Lakini ndiyo Injili ya kale zaidi ya Kiingereza tuliyo nayo. Tena Aldred hakujifanya mjuaji: neno lilipomtatiza aliandika mawili, akatia "au" katikati.

Kitabu chenyewe kiko London. Mwaka 2013 Durham waliazimwa kwa miezi michache, kisha kikarudishwa kusini.