Ale, Pombe na Bia

Mfasiri akutanapo na neno la Kiingereza ale, aghalabu huandika "bia" akaendelea na kazi. Kwa matini ya kale tafsiri hiyo haifai. Sheria ya Uingereza ya karne ya 13 iliyopanga bei ya mkate na ya ale ilihusu kinywaji kilichopikwa majumbani, hasa na wanawake, kwa kimea, maji na chachu. Hakikudumu, hivyo kilinyweka karibu na chungu chake. Maua ya hopu, yatiayo uchungu na kuzuia kuharibika upesi, yalienea huko katika karne ya 15 kutoka Uholanzi na Flanders. Kinywaji chenye hopu ndicho kilichoitwa beer. Hicho kiliweza kusafirishwa mbali, na ndicho kilichokuja kujaza viwanda.

Nasi tunayo tofauti inayokaribiana na hiyo. Mbege ya Kilimanjaro, ipikwayo kwa ndizi na kimea cha ulezi, huitwa pombe. Hakuna aiitaye bia. Neno "bia" tulilipokea pamoja na chupa. Kwa hiyo ale ya kale ni pombe. Ale ya leo hutiwa hopu, na hutofautishwa kwa chachu yake, ifanyayo kazi katika joto na kupanda juu. Hiyo tunaona iitwe "bia ya chachu ya juu", ingawa jina ni refu.

Msamiati wa upishi wenyewe hautusumbui: kimea, machicha na chachu vimo jikoni mwetu. Maji matamu yachujwayo kabla ya kutiwa chachu ndiyo hayana jina. Wako wapendekezao "togwa", kwa kuwa humo pia kimea hugeuza wanga kuwa sukari. Lakini togwa hunywewa yenyewe, tena ina uchachu wake. Tunapendelea "maji ya kimea".

Uzito wa jambo hili umo katika sheria. Uingereza ilidai leseni kwa wapikao nyumbani tangu 1880 hadi 1963. Kwetu, tangu Kiswahili kifanywe lugha ya sheria mwaka 2021, sheria nyingi zimehitaji mfasiri. Sheria ya 1966 ilihusu gongo, ambayo hukenekwa. Ya 1968 ilihusu vileo kwa jumla. Akiziandika zote "pombe", mama mwenye chungu cha mbege atasomewa shtaka la mwenye mtambo wa gongo. Neno la jumla na liwe "kileo".