Kutoka Hofu ya Mgonjwa hadi Hofu ya Mshindani: Tiba ya Kisaikolojia katika Michezo

Mbinu kadhaa zinazotumiwa na wanasaikolojia wa michezo hazikuzaliwa uwanjani. Ziliundwa na matabibu kwa ajili ya watu waliosumbuliwa na hofu. Makala haya yanajenga hoja kwamba zilipohamishiwa michezoni, kipimo cha mafanikio kilibadilika: matokeo ya mashindano yalichukua nafasi ya nafuu ya mtu.

Mwaka 1929, daktari Edmund Jacobson wa Marekani alichapisha kitabu kuhusu kulegeza misuli hatua kwa hatua. Mwaka 1958, Joseph Wolpe, tabibu wa magonjwa ya akili kutoka Afrika Kusini, alieleza jinsi alivyotumia ulegezaji huo kutibu hofu. Mgonjwa alilegeza mwili, kisha akajenga akilini taswira ya alichokiogopa, akianza na kinachotisha kidogo hadi kinachotisha zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Richard Suinn wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, aliyebobea katika saikolojia ya tiba, alizipeleka mbinu hizo kwa wanamichezo wa kuteleza kwenye theluji. Mwanamichezo alilegeza mwili, kisha akayapitia mashindano akilini kana kwamba yumo ndani yake. Suinn aliwagawa wanamichezo katika makundi mawili, moja likapewa mafunzo na jingine likawa la ulinganisho. Hata hivyo, ulinganisho haukukamilika, kwa sababu kocha aliwateua waliofunzwa pekee kushindana. Mwaka 1976, Suinn aliihudumia timu ya Marekani katika Olimpiki ya Majira ya Baridi, Innsbruck.

Uteuzi huo una uzito wa kihistoria. Kwa Wolpe, tiba ilifaulu pale hofu ya mgonjwa ilipopungua. Katika theluji ya Colorado, hukumu ilikuwa ya kocha, naye alitafuta ushindi. Swali la iwapo mwanamichezo amepata nafuu halikuwa na wa kuliuliza.

Swali hilo lilirejea baadaye. Mwaka 2019, tamko la wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki lilisisitiza kwamba afya ya akili ya mwanamichezo haitenganishwi na afya ya mwili. Hivyo basi, historia hii inadhihirisha kwamba mbinu ya tiba inaweza kuhamishwa bila kuhamisha wajibu wa tabibu kwa anayetibiwa.