Istilahi: Udhaifu wa kiusalama

Ukimpelekea fundi wa simu Kariakoo simu inayochemka na kumaliza chaji, jibu huwa jepesi: ina virusi. Akaunti ikiibwa, virusi. Neno hilo limebebeshwa mzigo wa wenzake, na asiyejua tatizo liko wapi hawezi kujua dawa yake.

Udhaifu wa kiusalama, ambao wengine huuita mwanya, ni kasoro iliyobaki ndani ya programu tangu ilipoandikwa, na ambayo mwenye nia mbaya anaweza kuitumia. Fremu yenye komeo bovu ina udhaifu hata kama mwizi hajawahi kupita mtaa huo. Kuutumia udhaifu ni udukuzi. Kinachopandikizwa baada ya hapo ni programu hasidi, na kirusi ni aina yake moja tu.

Mfano mzuri ni wa WhatsApp, Mei 2019. Udhaifu uliosajiliwa kama CVE-2019-3568 ulikuwa katika sehemu inayoshughulikia simu za sauti. Simu inapoita, programu huanza kuchambua vifurushi vya data kabla mwenyewe hajagusa chochote. Vifurushi vilivyopikwa makusudi vilijaza kupita kiasi bafa, yaani eneo la kumbukumbu lililotengewa kazi hiyo. Data ikafurika hadi sehemu nyingine za kumbukumbu, na mshambuliaji akapata njia ya kuendesha amri zake. Aliyelengwa hakuhitaji kupokea, miskoli ilitosha. Oktoba mwaka huo WhatsApp iliishtaki kampuni ya Israeli ya NSO Group, inayotengeneza programu ya ujasusi ya Pegasus, ikisema watumiaji wapatao 1,400 walilengwa. Miongoni mwao walikuwamo Wanyarwanda wapinzani walioko uhamishoni.

Je, ujumbe wa WhatsApp si umesimbwa, yaani umefichwa kwa msimbo? Umesimbwa, lakini usimbaji huulinda ukiwa njiani. Jasusi akishaingia ndani ya simu, anasoma kilekile anachosoma mwenye simu.

Dawa ya udhaifu ni kiraka, yaani marekebisho ya mtengenezaji. Kwa WhatsApp ya Android, kiraka cha udhaifu ule kilikuja na toleo la 2.19.134. Aliyezima apdeti kwa sababu zinakula bando alibaki na toleo bovu. Anayerushiwa programu kwa Xender hupata toleo la aliyemrushia, na anayetumia GBWhatsApp hutegemea watu ambao si WhatsApp. Programu ya kuua virusi nayo hairekebishi kasoro ya programu nyingine. Husaka programu hasidi tu.

Basi tuseme hivi: udhaifu huzibwa, programu hasidi huondolewa, na udukuzi ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015. Tangazo la TZ-CERT, kitengo cha usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), likitaja udhaifu katika programu unayotumia, halimaanishi umedukuliwa. Linakutaka usasishe mapema.