Jicho la kifaranga ndani ya yai linatufundisha nini kuhusu macho ya watoto?

Kama unafuga kuku Mbeya au Iringa, hili umeshaliona. Siku ya saba ya kutotolesha, unazima taa na kumulika yai kwa tochi ya simu. Yai lenye uhai linaonesha mishipa ya damu kama utando wa buibui, na doa jeusi linalochezacheza.

Doa lile ni jicho.

Kwa mfugaji, ni dalili kwamba yai ni zima. Kwa wanasayansi, ni darasa la jinsi retina inavyojengwa.

Retina ni nini?

Ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho. Unapokea mwanga na kuugeuza kuwa taarifa zinazokwenda kwenye ubongo. Lenzi ikiwa safi lakini retina imeharibika, huoni.

Kwa nini yai la kuku?

- Jicho la kiinitete cha kuku ni kubwa sana ukilinganisha na mwili wake.
- Kinakua nje ya tumbo la mama. Mtafiti anakata kidirisha kwenye gamba, anaangalia, anaziba, kisha analirudisha yai kwenye mashine.
- Ratiba yake inajulikana. Kifaranga hutoka baada ya siku 21 hivi, na mwaka 1951 Viktor Hamburger na Howard Hamilton walichapisha jedwali la hatua 46 za ukuaji wake. Linatumika mpaka leo.

Siku kwa siku

Siku ya 2: vifuko viwili vinachomoza pande mbili za ubongo.

Siku ya 3: kila kifuko kimejikunja kwa ndani kama kikombe. Ukuta wa ndani wa kikombe ndio utakuwa retina. Yaani retina ni sehemu ya ubongo iliyosogea mbele ili ione.

Baada ya hapo seli zinagawanyika kwa kasi, kisha kila moja inaacha kugawanyika na kuchukua kazi yake. Za kwanza ni zile zinazotuma taarifa kwenye ubongo.

Kwa binadamu mpangilio ni huohuo, na vifuko huonekana wiki ya nne ya mimba. Wakati huo mama wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito.

Kuku si mtu

Retina ya kuku haina mishipa ya damu ndani yake, ya kwetu inayo. Kwa hiyo madhara ya kisukari kwenye mishipa ya retina huwezi kuyasoma vizuri kwa kuku. Lakini kwa jinsi seli zinavyozaliwa na kujipanga, yai linafaa sana.

Inakuhusu vipi?

Kuna saratani ya macho ya watoto inayoitwa retinoblastoma. Wengi hugundulika kabla ya miaka 5. Kwa kawaida chanzo ni hitilafu kwenye jeni ya RB1, ambayo ni kama breki: inaiambia seli iache kugawanyika. Breki ikifeli, seli ya retina inaendelea tu kuongezeka mpaka uvimbe unatokea.

Dalili yake unaweza kuiona kwenye simu yako. Ukimpiga mtoto picha kwa flashi, mboni ya jicho moja inang'aa nyeupe badala ya kuwa nyekundu au nyeusi. Dalili nyingine ni makengeza.

Picha moja yenye weupe haimaanishi lazima ni saratani. Wakati mwingine ni pembe ya kamera, au ni mtoto wa jicho. Lakini usisubiri, na usimwekee mtoto dawa za kienyeji. Mpeleke kwa daktari wa macho, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa. Ikibidi, atapewa rufaa kwenda Muhimbili au KCMC.

Ukiwahi, maisha ya mtoto huokolewa, na mara nyingine hata jicho lenyewe.