Mstari Sakafuni na Mdundo Sikioni: Historia ya Kumsaidia Mgonjwa wa Parkinson Atembee

Kama umekulia Bariadi, Maswa au Meatu, huenda unamfahamu mzee wa namna hii. Mkono wake unatetemeka hata akiwa amepumzika. Hatua zimekuwa fupi, za kuburuza. Sauti imefifia, na uso hauonyeshi furaha wala hasira. Akifika mlangoni anaganda, kana kwamba miguu imegandishwa sakafuni. Watu wanasema ni uzee tu. Wengine wananong'ona mambo mabaya zaidi.

Huenda mzee huyo ana ugonjwa wa Parkinson. Sasa swali la leo: anasaidiwaje mahali ambapo vidonge ni adimu, au vipo lakini bei haishikiki? Jibu lake lina historia ya miaka 200, na ukurasa mmoja muhimu uliandikwa hapahapa Tanzania.

Kutoka London hadi kiti cha Paris

Mwaka 1817 James Parkinson, tabibu wa London, alichapisha kijitabu kuhusu watu 6 waliokuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Baadhi yao hakuwatibu, aliwaona tu barabarani. Alieleza vizuri jinsi kiwiliwili kinavyoinama mbele na mwendo unavyogeuka kuwa kama mbio bila mtu kutaka. Dawa hakuwa nayo.

Miongo kadhaa baadaye, daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina la Parkinson. Wagonjwa wake walimwambia kwamba wakisafiri kwa treni au gari la farasi wanajisikia nafuu. Charcot akatengenezewa kiti kinachotikisika! Usicheke. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walikijaribu upya kiti cha namna hiyo. Waliotikiswa walipata nafuu kiasi, lakini waliokaa kwenye kiti kisichotikisika wakapata nafuu ileile. Kumbe kiti chenyewe hakikuwa tiba. Hata hivyo Charcot alifanya jambo moja la maana: aliwasikiliza wagonjwa.

1967: mwaka wa mambo mawili

Kufikia 1960 watafiti wa Vienna walikuwa wameonyesha kwamba ubongo wa wagonjwa hawa umepungukiwa na dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuendesha mwendo. Mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, akaripoti kwamba dopa ikimezwa kwa dozi kubwa, inayopandishwa kidogokidogo, inawarudishia wagonjwa wengi uwezo wa kutembea. Hapo ndipo levodopa ilipoanza safari ya kuwa dawa kuu, na mpaka leo hakuna iliyoipiku.

Mwaka huohuo, daktari James Purdon Martin wa London alichapisha kitabu chenye jambo ambalo halikupata kelele nyingi. Alionyesha kwamba mgonjwa aliyeshindwa kupiga hatua aliweza kutembea akichorewa mistari inayokatiza njia sakafuni. Mistari tu, yaani chaki!

Inawezekanaje? Wewe ukitembea huwazi kila hatua. Sehemu za ndani za ubongo zinakuhesabia, na zinahitaji dopamini. Dopamini ikipungua, saa hiyo ya ndani inachelewa na kukatika. Lakini ubongo una njia nyingine, ile tunayoitumia kufuata kitu kilicho nje yetu: kuruka dimbwi, kukanyaga mawe ya kivuko, kwenda na mdundo wa ngoma. Mstari au mdundo unampa mgonjwa saa ya kuazima.

Hai yatoa ushahidi

Katikati ya miaka ya 2000, watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro. Kati ya watu zaidi ya 161,000 walipata wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Matokeo yalichapishwa 2008.

Halafu ikaja kazi ninayotaka uikumbuke. Ilichapishwa 2010. Wagonjwa 21 wa Hai, ambao hawakuwa wametumia dawa kabisa, walifundishwa kutembea kwa kufuata alama za kuonekana na mdundo wa metronomu, kile kifaa kinachopiga tik-tik-tik. Walipata vipindi 9 tu, vya nusu saa kila kimoja. Kasi yao ya kutembea iliongezeka na hatua zikawa ndefu zaidi. Hata walipotembea huku wakifanya jambo jingine, mwendo ulikuwa bora kuliko mwanzo.

Uzito wa jambo hili ni huu: nchi tajiri zilikuwa zimeijaribu mbinu hiyo kwa watu wanaomeza vidonge, kwa hiyo ungeweza kudai kwamba dawa ndiyo iliyofanya kazi. Hai ilionyesha kwamba mafunzo yenyewe yanasaidia. Lakini tusidanganyane. Mdundo haurudishi dopamini, na mgonjwa bado ana haki ya kupata levodopa. Fiziotherapia haikubuniwa iwe tiba ya maskini. Inatakiwa kwenda sambamba na dawa. Ila haina haja ya kusubiri dawa ifike.

Na Simiyu je?

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa 2012 na makao yake makuu yakiwa Bariadi, ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2 katika sensa ya 2022. Tukiazima kiwango cha Hai, takribani wagonjwa 20 kwa kila watu 100,000, tunapata kama mia nne. Hiyo ni hesabu ya kukisia. Simiyu ina vijana wengi kuliko Kilimanjaro, kwa hiyo idadi inaweza kuwa ndogo zaidi. Lakini hata wakiwa nusu ya hapo, ni wazee wa watu.

Na Usukumani kuna hatari ya ziada. Kanda hii ina historia chungu ya vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi, eti kwa sababu macho ni mekundu, macho ambayo mara nyingi yamechomwa na moshi wa jikoni. Sasa fikiria bibi mwenye uso usiocheka, macho yasiyopepesa na mikono inayotetemeka. Utafiti uliochapishwa 2011 kuhusu Hai ulikuta kwamba hata huko wapo waliouhusisha ugonjwa huu na uchawi. Kuupa ugonjwa jina lake kunaweza kuokoa maisha kabla hata ya kidonge cha kwanza.

Upande wa mdundo, Usukuma haupungukiwi. Hii ni nchi ya bugobogobo, ngoma ya jembe, ambapo wakulima waliinua na kushusha majembe pamoja kwa kufuata ngoma. Muuguzi au mjukuu hahitaji metronomu. Anaweza kupiga makofi, kuhesabu kwa sauti au kuimba, mradi mdundo usiyumbe na uwe karibu na kasi ya mzee mwenyewe.

Mambo mengine ya kufanya nyumbani:

- Chora mistari mahali anapoganda, hasa mlangoni. Akiganda, usimvute. Mwache atulie, mhesabie, aanze upya.
- Akigeuka, azunguke kwa upana, asijipinde papo hapo.
- Kuinuka kitini: asogee ukingoni, avute miguu nyuma, ainame mbele, kisha asimame mkihesabu "tatu".
- Ale akiwa ameketi wima, taratibu, asije akapaliwa.
- Kama ana levodopa, saa ya dawa iheshimiwe, na kwa kawaida ameze kama nusu saa kabla ya chakula. Nyama, maharage na maziwa vinaweza kuipunguzia nguvu. Asiache dawa ghafla, ni hatari.

Kumbuka pia kwamba si kila kutetemeka ni Parkinson. Baadhi ya dawa, kama haloperidol, huleta dalili zinazofanana. Kwa hiyo mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa, na ikibidi apewe rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Ukifika, mbali na vidonge, uliza na hili: "Kuna mtu wa fiziotherapia hapa?" Na wakati mnasubiri tarehe ya kliniki, chaki ya kuanzia ipo dukani.